Mgeni wa Miaka Minane

Simu iliita nikiwa darajani, lile la Kigongo–Busisi. Lilifunguliwa Juni 2025, na sisi tuliozeeka kwenye foleni ya kivuko bado tunachungulia dirishani kama watoto kila tukilipita. Nilikuwa narudi kutoka Sengerema, begi la vifaa mapajani. Aliyepiga ni mama mwenye studio ya picha pale Kirumba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Baba, seva imekufa. Na harusi yote imo humo."

Hiyo wanayoiita seva ni sanduku jeusi, kama boksi la viatu, lenye diski mbili za terabaiti 4, moja ikiwa nakala ya nyingine. Limekaa juu ya kabati, jirani na ruta, tangu Agosti 2017 nilipolifunga mwenyewe. Kila sendofu, kila kipaimara, kila mahafali na kila msiba uliopigwa picha na studio ile umo ndani yake. Kwa miaka yote hiyo halijawahi kulalamika, na kifaa kisicholalamika fundi husahau alikifunga vipi. Ndilo lililonikuta.

Nilimuuliza mama swali moja: ile laptopu ya zamani ya mapokezi, inaiona seva? Nikasikia kandambili zikienda na kurudi.

"Inaiona. Inafungua kila kitu."

Basi seva haikuwa imekufa. Maiti hamjibu mmoja akawanyamazia wengine. Na hapo, katikati ya maji, nikaanza kujishuku mwenyewe, kwa sababu Jumatano jioni, siku moja tu kabla, nilikuwa pale pale studio. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mama akasikia redioni kwamba kompyuta zisizohamishwa zitaliwa na wezi, akaniita. Nikazihamisha kompyuta mbili za kuhariria kwenda Windows 11 Pro. Laptopu ya mapokezi ilikataliwa kwa uzee, haina TPM 2.0, chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai, ikabaki ilivyo. Nikajaribu intaneti, ikafunguka. Nikajaribu printa, ikachapa. Nikaletewa sato wa kuchemsha, nikala, nikalipwa, nikaondoka. Folda ya seva sikuifungua hata mara moja.

Wenye harusi walikuwa watu wa Nansio. Walikuja Mwanza kufuata video na albamu, na Jumamosi wanapanda meli kurudi Ukerewe. Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Nilifika Kirumba jioni, muda ambao upepo wa ziwa unapandisha harufu ya dagaa kutoka Mwaloni hadi ghorofa ya pili. Dada mhariri alikuwa ameshaizima na kuiwasha ruta mara tatu, amebadilisha waya, ameng'oa sanduku kwenye umeme na kulirudisha. Sisemi ni ujinga. Kuna miezi nimelipa kodi ya nyumba kwa kuzima na kuwasha. Lakini kabla ya kugusa waya kuna mambo mawili ya kuuliza, na yote mawili hayachukui dakika.

La kwanza ni ping, yaani kuliita sanduku kwa anwani yake ya mtandao uone kama linaitika. Likajibu. La pili ni kuuliza kama mlango namba 445 uko wazi, maana huo ndio mlango wa SMB, lugha ambayo Windows huitumia kuazimana mafaili. Kwenye PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, unaandika Test-NetConnection, anwani, kisha -Port 445. Jibu likaja: True. Kwa hiyo njia ni nzima, mlango upo, na nyuma ya mlango kuna mtu anaitika. Ukishayajua hayo, achana na waya. Ugomvi uko kwenye maneno wanayoambiana mlangoni.

Dada mhariri alinionyesha kwamba sanduku halionekani tena kwenye orodha ya Network, akaona ndio ushahidi wake. Orodha hiyo usiiamini sana. Ile ya zamani iliendeshwa na huduma iliyofungamana na SMB1, toleo la kwanza la lugha hii, na SMB1 ilipoanza kuondolewa, vifaa vingi vikapotea kwenye orodha huku vikiwa vizima kabisa. Usitafute picha ya kifaa. Andika mikwaju miwili ya kinyumenyume na anwani yake pale juu, ubonyeze Enter.

Nikafanya hivyo. Ukatoka ujumbe mrefu wa Kiingereza, nikamtafsiria mama: huwezi kuifungua folda hii kwa sababu sera za usalama za shirika lako zinazuia wageni wasiothibitishwa.

"Shirika lipi?" mama akauliza. "Hapa shirika ni mimi. Na mimi sijamzuia mtu."

Alikuwa na haki kucheka, na nilicheka naye, lakini neno lililonichoma ni lile la wageni. Nilikumbuka nilichofanya 2017.

Siku ile nilipolifunga sanduku kulikuwa na wapiga picha wanne, na mmoja wao alikuwa anasahau hata namba yake ya simu. Sikutaka kupigiwa kila Jumatatu kuhusu maneno ya siri. Nikawasha ruhusa ya mgeni na kuacha mpangilio ambao sanduku lilikuja nao: likiletewa jina lisilolijua, lisimfukuze mwenye jina, limpitishe kama mgeni. Kompyuta ya Windows, ukiielekeza kwenye folda ya mtandao, kwanza hulipeleka jina la aliyeiwasha kimyakimya. Sanduku likaletewa jina la dada mhariri, halimjui, likasema pita. Likaletewa la mpiga picha, halimjui, likasema pita. Kwa miaka minane hakuna mtu katika studio ile aliyewahi kuingia kwenye seva kwa jina lake. Wote walikuwa wageni, mama mwenye mali akiwemo. Wahenga walimpa mgeni siku mbili, ya tatu wakamkabidhi jembe. Mimi nilimpa miaka minane na funguo za stoo.

Kilichobadilika ni upande wa Windows. Toleo la 24H2 la Windows 11, lililotoka Oktoba 2024, lilikuja na makufuli mawili mapya kwa wenye Pro. La kwanza: kompyuta haikubali tena kupokelewa kama mgeni. La pili: kila mazungumzo ya SMB lazima yatiwe sahihi. Mtu anaweza kudhani ni mambo mawili tofauti, akahangaika na moja usiku kucha. Ni ndugu. Sahihi ile hutiwa kwa ufunguo, na ufunguo hutengenezwa kutokana na neno la siri ambalo pande zote mbili zinalijua bila kulitamka. Mgeni hana neno la siri. Asiye na neno la siri hana ufunguo, na asiye na ufunguo hana cha kutilia sahihi. Kwa hiyo mtu akikaa katikati ya waya akabadilisha kinachopita, au akajifanya yeye ndiye seva, mgeni hana njia ya kugundua. Katika studio yenye Wi-Fi ambayo neno lake la siri limebandikwa ukutani ili wateja wasichoke kusubiri, huyo mtu wa katikati si hadithi ya sinema.

Nitoke nje kidogo. SMB ilizaliwa ndani ya IBM miaka ya 1980, lakini masanduku mengi kama hili hayatumii Windows, yanatumia Linux yenye programu iitwayo Samba. Ilianzishwa na Andrew Tridgell huko Canberra, Australia, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Jina alilotaka mwanzo lilikuwa na mwenyewe, kwa hiyo akaiambia kompyuta ipekue orodha ya maneno ya Kiingereza, itafute yenye S, M na B kwa mfuatano huo. Samba likawemo. Mara nyingi nimewaza ingekuwaje kama orodha ile ingekuwa ya Kiswahili. Angepata simba, shamba na sambusa. Angepata sambaza, ambalo ndilo hasa programu inalofanya, na asingehangaika zaidi. Na mistari michache mbele angekutana na sumbua.

Turudi Kirumba, maana ilikuwa saa mbili usiku na dada mhariri alikuwa ananitazama.

Ninazijua amri mbili zinazofungua makufuli yale. Kila fundi wa kompyuta anazijua siku hizi, na ukitafuta tatizo hili ndizo utakazopewa kwanza. Unafungua PowerShell kwa mamlaka ya msimamizi, unaandika Set-SmbClientConfiguration -EnableInsecureGuestLogons $true, kisha Set-SmbClientConfiguration -RequireSecuritySignature $false. Ukiandika ya kwanza peke yake, mgeni anaruhusiwa halafu anakwama kwenye sahihi, na utaapa kwamba amri haifanyi kazi. Ukiandika zote mbili, mlango unafunguka. Soma tu jina la ile ya kwanza: walioiandika wamelitia neno Insecure humo humo, ili usiseme hukuambiwa.

Niliziandika. Sitajificha. Kulikuwa na harusi ya watu, meli Jumamosi, na saa sita za video zisizo na muziki. Folda zikafunguka, dada mhariri akapiga kigelegele cha nusu, mama akatoa pochi. Nikamwambia asinilipe, sijamaliza, Jumatatu narudi. Akanitazama kama mtu anayekataa chakula. Kwake kazi ilikuwa imekwisha, na ndiyo hatari ya amri zile mbili: mteja haoni tofauti kati ya mlango uliotengenezwa na mlango uliong'olewa.

Harusi ilikabidhiwa Ijumaa usiku.

Jumatatu nilianza kwa kunakili kazi zote za mwaka kwenye diski ya nje, kwa sababu nilikuwa nakwenda kugusa programu ya ndani ya sanduku ambayo haikuwa imesasishwa kwa muda mrefu. Ikasasishwa bila kelele. Halafu nikafungua ukurasa wa mipangilio ya SMB, nikaona aibu yangu ya pili. Toleo la chini lililoruhusiwa lilikuwa SMB1.

Hapa nieleze kwa nini ni aibu. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita kwenye kasoro ya SMB1 ndani ya Windows na kufunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa. Kiraka cha kuiziba kasoro hiyo kilikuwa kimetolewa tangu Machi, ila wengi hawakukiweka. Nilisoma kila kitu. Niliwahadithia wateja wangu wote, nikapata na kazi mbili tatu kwa hofu yao. Windows 10 ya Oktoba mwaka huohuo ikaacha kuja na SMB1. Na mimi, miezi mitatu baada ya Mei ile, nilifunga sanduku jipya Kirumba na kuiacha lugha ileile imewashwa, kwa sababu ndivyo lilivyotoka kwenye boksi. Nikaweka SMB2 kuwa ya chini na SMB3 kuwa ya juu. Sekunde ishirini.

Kisha nikafungua majina: la mama, la dada mhariri, la mpiga picha, la mapokezi. Nikazima mgeni. Nikarudi kwenye kompyuta mbili na kuyafunga makufuli niliyoyafungua Alhamisi, amri zilezile, true ikawa false na false ikawa true. Nikajaribu kuingia kwa jina la dada mhariri, nikapewa kosa namba 1219.

Hilo limewapotezea watu siku nzima, kwa hiyo nalisimamia. Windows haikubali mtumiaji mmoja wa kompyuta aingie kwenye seva moja kwa majina mawili kwa wakati mmoja. Ule uhusiano wa kigeni wa zamani ulikuwa bado haujakatwa, umeshikiliwa na diski Z, herufi ambayo kompyuta iliipa folda ya seva, na jina jipya likaonekana la pili. Unaandika net use * /delete, unakubali, kisha unaingia Credential Manager, mahali Windows inapotunza majina na maneno ya siri, na kufuta chochote kinachotaja seva hiyo. Ndipo unaunganisha upya. Na unaporudisha, rudisha kwa herufi ileile. Programu ya kuhariri video inakumbuka kila kipande kiko Z, na ukiibadilisha kuwa Y utaona miradi ya miaka minane imegeuka skrini nyekundu kwa pamoja. Nilikuwa karibu kufanya hivyo. Dada mhariri alinishika mkono.

Tukaunganisha Z. Mafaili yakaonekana, yakafunguka. Akajaribu kuhifadhi, akakataliwa. Kumbe kila kilichoandikwa tangu 2017 kilikuwa mali ya mgeni, na mgeni huyo sasa hayupo. Warithi wapo, wanaona mali, hawana hati. Nikaliamuru sanduku liwape watumiaji wapya haki ya kuandika kwenye folda zote na vilivyomo ndani yake, nikaliacha. Kichakato chake ni cha kizee. Lilihesabu faili moja moja hadi magharibi, tukanywa chai, tukala michembe ya kuchemshwa na karanga, umeme ukakatika mara moja, betri ya akiba ikalibeba.

Jioni ile likabaki jambo moja, na hili sijawahi kuliona kokote. Dada mhariri alijichagulia neno la siri, akanitumia kwa WhatsApp. Mimi nikalinakili kutoka kwenye ujumbe na kulibandika kwenye ukurasa wa sanduku. Yeye akakaa kwenye kompyuta yake, akaliandika kwa vidole: si sahihi. Akaliandika tena polepole: si sahihi. Nikaliandika mimi: si sahihi. Nikaibandika ile ya WhatsApp: ikaingia.

Tulikaa tunalitazama neno lile. Silitaji hapa, ila ng'ombe yumo ndani yake, na kwa binti wa Kisukuma ungetarajia nani. Tatizo lilikuwa ile alama ya juu kati ya ng na o. Simu yake, kwa kujifanya inajua kuandika vizuri, iliigeuza kuwa ile iliyopinda kama mkia. Kibodi ya kompyuta huandika iliyonyooka. Kwa macho yetu ni ng'ombe yuleyule, kwa sanduku ni herufi mbili zisizojuana. Nikalifuta, nikaliandika upya kwa kibodi, ng'ombe akaingia zizini. Sasa nina shaka na kila neno la siri lenye ng' ambalo nimewahi kulipokea kwa simu.

Nikaandika Get-SmbConnection, nikawaonyesha. Jina la dada, la kwake mwenyewe, na toleo la SMB, 3.1.1. Wao hawakuona cha kushangilia. Mama aliuliza kama itakuwa nzito, maana aliambiwa sahihi hizi zinapunguza mwendo. Kwenye mashine kubwa na waya za kasi unaweza kuuona upungufu. Hapa swichi ni ile ya megabiti 100, haipitishi zaidi ya megabaiti 12 kwa sekunde hata sanduku lingekuwa la dhahabu. Nimemwambia swichi ndiyo ibadilishwe. Amesema tutaona baada ya Krismasi.

Nilikuwa nimeshashuka ngazi nikaitwa kutoka dirishani. Runinga ya mapokezi. Wateja wakisubiri huwa wanatazama harusi zilizopita, na runinga ile, nayo, ilikuwa ikizichota kutoka kwenye seva kama mgeni. Haina hata mahali pa kuandika jina. Nilimsahau kabisa. Kwa saa nzima watu watatu walikuwa wamekaa kwenye makochi wakitazama kioo cheusi kwa heshima zote.

Kuwasha mgeni kwa ajili ya runinga sikukubali, na mama hakunisihi. Nikachomeka flashi ya gigabaiti 16 nyuma yake, nikaweka video iliyokuwa karibu, ile ya Nansio. Ni wiki ya tatu sasa. Nimepita juzi kuchukua waya wangu, nikamkuta binti wa mapokezi anamwandikia mteja risiti, macho kwenye kitabu, huku midomo yake ikimfuatiliza MC neno kwa neno, hadi pale anapowaita wajomba wa bibi harusi wasogee mbele na mbuzi wao.